Watoto wa msingi wapewe dakika 20 za kusoma kimya kila siku, kitabu wachague wenyewe. Walimu na wazazi wa Dar karibuni

Chaki Mkononi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Kiswahili shule ya msingi ya serikali huku Temeke, darasa la tatu na la nne. Hoja yangu ni moja na niko tayari kuitetea: mtoto akishaweza kuunganisha silabi, apewe muda kila siku hapo hapo shuleni, dakika kumi na tano au ishirini, asome kimya kitabu alichokichagua mwenyewe. Asiulizwe maswali, asiandike muhtasari, asipewe alama. Na mwalimu akae naye asome.

Nikiisema hii kwenye kikao cha walimu jibu huwa lile lile: "Sasa hapo unafundisha nini?" Nataka nilijibu hapa kwa nafasi.

Watoto wetu wengi hawakwami kwenye silabi. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa vizuri darasa la kwanza, akifika la pili anaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwandikia ubaoni. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ulioanza 2015 ulilenga hapo, na pale ulipofundishwa sawasawa umesaidia. Tatizo ni kinachofuata. Tunamwandika mtoto kwenye orodha ya wanaojua kusoma, halafu tunamwacha.

Mkalie karibu huyo anayejua kusoma. Mpe sentensi hii: "Mzee aliwashukuru vijana waliomsaidia kuuvusha mzigo wake." Atakwenda a-li-wa-shu-ku-ru, kidole chini ya mstari, midomo inacheza, wa-li-o-m-sa-i-di-a, mpaka nukta. Muulize nani alisaidiwa. Anakuangalia usoni. Kila silabi ameitamka sawa, ila kitenzi chetu kimoja kinabeba mtendaji, wakati, mtendwa na kirejeshi humo humo, na anayekwenda silabi kwa silabi akifika mwisho wa neno, mwanzo wake umeshamtoka. Ukimrudisha kwenye ba be bi bo bu humsaidii chochote. Anahitaji akutane na "waliomsaidia", "waliompenda", "waliomfukuza" mara nyingi sana, kwenye hadithi anayotaka kujua mwisho wake, mpaka jicho lilimeze neno zima kwa mara moja. Mtoto anajua mpira kwa kucheza chandimu kila jioni, na kusoma nako kunataka wingi wa namna hiyo.

Sasa wingi huo ataupata wapi? Kitabu cha kiada wanachangia watatu, wanne. Tunasoma kwa pamoja, darasa zima kwa sauti moja, na wengine wanakariri ukurasa bila kuusoma. (Mwalimu ukitaka kuwajua wanaoimba, mwambie mtoto aanze mstari wa mwisho apande juu.) Nyumbani ni chumba na sebule, watu sita, runinga inawaka mpaka usiku, kitabu cha hadithi hakuna. Shule isipompa muda huo, kwa watoto wa huku kwetu hakuna mahali pengine watakapoupata.

Wazo lenyewe ni la zamani. Marekani lilienezwa tangu miaka ya 1960 na Lyman Hunt wa Chuo Kikuu cha Vermont: muda maalumu, kila mtu anasoma, mwalimu naye. Japani walianza 1988 kwenye shule moja ya sekondari ya wasichana huko Chiba, dakika kumi kila asubuhi kabla ya vipindi, kwa masharti manne: wasome wote, wasome kila siku, kila mtu na kitabu anachokipenda, na iwe kusoma tu basi. Leo shule zinazofanya hivyo Japani ni maelfu, za msingi zikiwemo.

Unaonigusa zaidi ni mfano wa Fiji, maana zilikuwa shule za vijijini zenye vitabu haba kama zetu. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza vipatavyo 250 kwa kila darasa, la nne na la tano. Madarasa mengine mwalimu aliwasomea watoto na kuzungumza nao juu ya hadithi. Mengine watoto walisoma kimya wenyewe dakika 20 hadi 30 kwa siku. Ya kulinganishia yaliendelea na mazoezi ya lugha kama kawaida. Mwaka wa kwanza ulipoisha, madarasa yaliyopata vitabu yalikuwa yamesogea kusoma karibu mara mbili ya wenzao, na mwaka wa pili faida ikafika mpaka kwenye sarufi na uandishi. Watoto walisoma hadithi, sarufi ikaja nayo.

Na sisi wenyewe tuliwahi kulijua hili. Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufika 1986 waliobaki walikuwa kama asilimia kumi. Kampeni ile haikuishia kwenye madarasa ya jioni. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha maktaba za vijiji na magazeti ya kanda, kwa sababu ilionekana wazi kwamba mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma atasahau. Wazee wetu walifanyiwa hivyo. Mtoto wa darasa la nne wa leo Mbagala anamaliza mwaka hajamaliza kitabu kimoja cha hadithi.

Niwaeleze inavyokuwa darasani kwangu. Kengele ya kurudi kutoka mapumziko ikilia, boksi liko mlangoni. Ni boksi la mafuta ya kula, nimelibandika khaki. Wanapita, kila mmoja anachukua. Siku za mwanzo ni fujo: wanagombea chenye picha ya simba, mwingine anafungua kurasa kama anahesabu noti, mwingine anamchokoza jirani. Usigombe sana. Wiki zikienda darasa linashuka lenyewe. Ukimya kamili msiutegemee, wa darasa la tatu wengi wananong'ona wanaposoma, na hiyo ni hatua, inapita jicho likizoea.

Kuna binti mmoja alikuwa haongei kabisa. Kitabu chake kilikuwa cha fisi na mbuzi, kila siku hicho hicho, nikamwacha. Ikafika siku nikamwona kamsogelea mwenzake mwenye hadithi nyingine ya fisi, anamnong'oneza: "Huyu wako naye mjinga kama wa kwangu?" Ametoka kwenye kitabu kimoja akaingia kingine analinganisha wahusika, darasa la tatu, hakuna aliyemfundisha. Maswali yangu ya ufahamu hayajawahi kumtoa mtoto jambo kama lile.

Naomba michango. Hasa ninyi mnaopinga.

---

Kamati ya Shule Chanika

Mwalimu heshima yako. Mimi ni mzazi na niko kwenye kamati ya shule. Roho yangu iko upande wako ila miguu iko chini. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa. Shule yetu ina zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Darasa moja watoto zaidi ya mia, wengine sakafuni. Zamu ya asubuhi ikitoka ya mchana inasubiri dirishani inapiga kelele. Mvua ikinyesha kwenye bati hata mwalimu hasikiki. Kimya hicho kinatoka wapi?

Na vitabu, ngoja niseme tu. Tulipewa msaada wa vitabu vya hadithi, vizuri, vina picha za rangi. Viko ofisini kwenye kabati, kufuli mbili. Nilipouliza nikaambiwa watoto watavichana. Ni mwaka wa ngapi sasa, vipya kama vilivyokuja.

---

Mama Mapacha

Mimi wangu wako shule ya mchepuo wa Kiingereza, Kimara. Wana kipindi cha maktaba, kila Alhamisi. Ilipoanza nilifurahi mno. Wanachoka nacho kwa sababu kila kitabu lazima waandike ukurasa mzima: jina la mwandishi, wahusika, umejifunza nini. Kulwa kaniambia, "Mama mimi nachukua chembamba ili nimalize kuandika." Mtoto aliyekuwa ananisomea mabango yote kwenye mwendokasi kuanzia Kimara mpaka Kivukoni!

Halafu maktaba yote Kiingereza. Hadithi za theluji na watoto wanaoitwa Timmy. Kiswahili wanaona ni lugha ya kuongea na dada wa kazi tu. Inaniuma. Mwalimu nakuunga mkono hasa hapo pa kutowaandikisha chochote.

---

Ushahidi Mezani

Mwalimu, uzi mzuri na umeomba wapinzani, nami nakuja kwa nia njema. Umetaja Fiji, sawa. Lakini mwaka 2000 lile jopo la kitaifa la kusoma la Marekani lilitoa ripoti baada ya kupitia tafiti nyingi, na kwa kusoma kimya kwa hiari halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kunaongeza ufasaha wa kusoma. Kwa kusoma kwa sauti, kwa kurudia, mwalimu akiongoza na kusahihisha, ushahidi ulipatikana.

Ni kweli watoto wanaosoma sana ndio wanaosoma vizuri. Swali ni kipi kilitangulia. Huenda wanasoma sana kwa sababu tayari wanaweza. Anayekwama ukimwachia kitabu dakika ishirini, atakaa dakika ishirini akiangalia picha, na pengo kati yake na mwenzake litakua. Dakika ishirini kila siku ni karibu saa moja na dakika arobaini kwa wiki. Kwa shule yenye zamu mbili hiyo si ndogo.

---

Chaki Mkononi

Asante ndugu Ushahidi, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na nimeisoma hiyo ripoti inavyonukuliwa kila mahali. Jopo lilisema tafiti zilizokuwepo zilikuwa chache na hazikutosha kuthibitisha. Halikusema njia imeshindwa, na lenyewe lilieleza hivyo. Kutothibitishwa na kukanushwa ni mambo mawili, na shule nyingi za Marekani zilifuta muda huo kana kwamba umekanushwa.

Halafu angalia mtoto aliyepimwa ni yupi. Mtoto mwenye vitabu nyumbani, maktaba shuleni na nyingine mtaani, ukimwongezea dakika ishirini umemwongezea kidogo juu ya kingi. Wa kwangu dakika ishirini ndizo zote alizonazo. Fiji matokeo yalionekana makubwa, na ninaamini sababu ni hiyo: walianzia karibu na sifuri.

Kwa anayekwama nakubaliana nawe kwamba kumwachia tu hakutoshi. Mwaka 2008 Ray Reutzel na wenzake walichapisha utafiti kwa watoto wa darasa la tatu, walilinganisha kusoma kimya kwa kusaidiwa na kule kusoma kwa sauti kwa kurudia. Kusaidiwa maana yake mwalimu anamwongoza mtoto kuchagua kitabu kinachomfaa na anapita kuzungumza na mmoja mmoja kwa dakika chache. Njia zote mbili zilitoa maendeleo yanayolingana. Kwa hiyo tusichague kati ya kimya na mwalimu, vyote vinakaa pamoja.

---

Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi hapa jijini, nikastaafia Ilala. Naomba mnisikilize kwenye jambo la wanaokwama.

Mtoto asiyeweza kuunganisha silabi usimpe kitabu ukamwambia asome kimya. Unamfundisha kuigiza. Atajua kushika kitabu, kugeuza kurasa kwa wakati, kutikisa kichwa. Nimewaona wakifika darasa la saba wakiigiza. Huyo anahitaji uketi naye, na anahitaji kusomewa. Kusomewa hadithi kwa sauti, mwalimu akitia sauti ya fisi na sauti ya sungura, ndiko kunakomwonjesha mtoto kwamba ndani ya karatasi mna kitu. Nyumbani zamani kazi hiyo aliifanya bibi kwa kusimulia. Siku hizi bibi yuko Singida na mtoto yuko Gongo la Mboto.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Nawasomea hadithi mpaka mahali pazuri kabisa, pale simba ameshafika mlangoni, nafunga kitabu. Nakiweka mezani. Siongezi neno. Mapumziko yakifika utaona wanavyokizunguka, na anayeweza kusoma anawasomea wasioweza. Hapo unapata wasomaji na walimu wadogo kwa mkupuo mmoja.

Na mwanangu Chaki Mkononi, hilo la mwalimu kukaa asome chake ni zuri kwa sababu watoto wetu hawajawahi kumwona mtu mzima akisoma isipokuwa ujumbe wa simu. Lakini usilifanye dakika zote. Soma nao tano za kwanza, wakuone umezama, kisha inuka upite.

---

Chaki Mkononi

Shikamoo mama. Nimepokea, na la dakika tano nitalifanya hivyo hivyo kuanzia wiki ijayo. Nilikuwa napita kwa wachache mwishoni muda ukiwa umeniishia.

Hilo la kuigiza ni kweli tupu. Kwangu wasiounganisha silabi nimewaweka kona yao na vitabu vya picha vyenye neno moja moja, na wakati wenzao wanasoma nakaa nao. Siwaiti wasiojua. Naiita kona ya karibu na mwalimu, na wapo wanaojua kusoma wanaomba wakae huko.

---

Taaluma Kinondoni

Mwalimu mwenzangu, mimi ni mwalimu wa taaluma, nazungumza kwa upande wa ratiba. Kipindi cha darasa la tatu kwenda juu ni dakika 40. Ukitoa ishirini umebakiza nusu kipindi, na mada kwenye azimio la kazi hazipungui. Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akiingia darasani akakuta watoto wamekaa kimya na mwalimu anasoma gazeti, andalio la somo litasema nini? Darasa la nne wana upimaji, la saba wana mtihani wa taifa, na wazazi wanatupima kwa wastani wa shule kwenye matokeo. Wengine wanatuuliza kwa nini hatuna masomo ya ziada Jumamosi.

Sikupingi kwa moyo. Nakuuliza inaingiaje kwenye karatasi.

---

Chaki Mkononi

Inaingia, mkuu. Kwenye andalio naandika umahiri wa kusoma kwa ufahamu, upo kwenye muhtasari wa somo la Kiswahili, na kwenye shughuli ya mwanafunzi naandika kusoma matini ya ziada. Siibi kipindi cha mtu. Natumia dakika za baada ya mapumziko, zile ambazo darasa lilikuwa linatulizwa kwa fimbo ya mezani na nyamazeni nyamazeni. Mwalimu wa Hisabati anayeingia baada yangu amesema anawakuta wametulia, na ameniomba nisiache.

Kuhusu mtihani. Karatasi ya Kiswahili ya darasa la saba ina vifungu vya ufahamu. Lakini tazama na nyinginezo: maarifa ya jamii, sayansi, hata yale maswali ya mafumbo ya Hisabati, "Juma alinunua mifuko mitatu ya saruji akauza..." Mtoto anayesoma silabi kwa silabi muda unamwishia kabla hajafika swali la mwisho, na mengine anabahatisha A B C D. Tunasema hajui Hisabati. Wapo wanaojua kabisa, wamekwamia kwenye saruji. Ukiniuliza nini kingeinua wastani wa shule masomo yote kwa pamoja, nitataja kasi ya kusoma kabla ya masomo ya Jumamosi.

---

Kijana wa Tandika

Mimi si mwalimu, nauza vitabu vya mitumba, nazunguka, wakati mwingine naweka pale Posta. Niseme ninachokiona. Mtoto akisimama mbele ya meza yangu na mzazi, mtoto anashika cha katuni, mzazi anakirudisha anachukua cha maswali na majibu. Kila mara. Mtoto anaondoka na mfuko hata hataki kuubeba.

Mimi kusoma kulinikolea kwenye magazeti ya katuni ya kaka yangu. Yamechanika, mengine hayana kurasa za mwisho, nabuni mwenyewe ilivyoishia. Mwalimu akiyakuta kwenye begi anachoma. Leo nasoma kitu chochote, mpaka mikataba ya watu mtaani wananiletea niwasomee. Mwalimu kwenye boksi lako tia na katuni, tia na gazeti la michezo. Wale vijana wa nyuma wanaosumbua, mpe ukurasa wa Simba na Yanga uone kama hatasoma.

Shida moja kwa upande wa biashara: mitumba karibu yote Kiingereza. Cha Kiswahili cha mtoto kikija kwangu hakilali.

---

Mama Mapacha

Kijana wa Tandika umenigusa, nami ndiye huyo mzazi wa maswali na majibu. Kesho napita Posta.

Sasa swali kwa wote: vitabu vya Kiswahili vya watoto mnavipata wapi? Sisi tunaambiwa havipo.

---

Mkutubi

Vipo dada, ingawa havitoshi. Nafanya kazi maktaba, nitaje ninavyovijua.

Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere 1967, ina sehemu ya watoto. Wazazi wengi wa Dar wanapita nje yake maisha yao yote wakidhani ni ya wanafunzi wa chuo. Mlete mtoto Jumamosi.

Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania uko hapa hapa Dar tangu 1991 na kwa miaka yote umekuwa ukisaidia kuchapisha hadithi za Kiswahili na kuzifikisha shuleni. Shule iwaandikie barua. Wachapishaji wetu nao, kama Mkuki na Nyota, wana vitabu vya watoto vya Kiswahili. Nendeni mkavione kwa macho kabla ya kuamini kwamba havipo.

Kwa wenye simu janja na mahali pa kuchapa, African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili bure kwenye intaneti, zimepangwa kwa ngazi, kuanzia neno moja kwa ukurasa mpaka hadithi ndefu, na leseni yake inaruhusu kuchapa na kugawa. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati na kushonwa kwa uzi zinatoa kitabu cha kurasa kumi na sita. Fotokopi nyeusi na nyeupe inatosha. Watoto wanapaka rangi wenyewe, na akishakipaka rangi hakichani. Taasisi ya Elimu nayo ina maktaba mtandao, ila humo vingi ni vya kiada.

Na msidharau vinavyoandikwa na watoto wenyewe. Darasa la sita wakiandika hadithi kwa mwandiko mzuri na kuchora, darasa la tatu watazigombea kuliko za dukani, kwa sababu mwandishi ni kaka yake Zai, anamjua.

---

Ushahidi Mezani

Nimefuata mjadala. Nilichokuwa nakipinga ni kuwaachia watoto vitabu na kuondoka. Kwa sura hii, anayekwama anakaa na mwalimu, wengine wanasoma na mwalimu anapita, nisingeweza kusimama kwenye kikao nikapinga. Ombi langu moja: pima. Mwanzo wa muhula mpe kila mtoto kifungu kile kile asome kwa dakika moja, hesabu maneno aliyosoma sawa, na umuulize kisa ni nini. Rudia mwisho wa muhula kwa kifungu kipya cha ugumu ule ule. Ukiweza, mwombe mwenzako wa mkondo mwingine asiye na boksi apime wake pia. Afisa elimu kata atakusikiliza zaidi ukiwa na karatasi hiyo.

---

Chaki Mkononi

Nitafanya, na mkondo wa B wapo tayari. Matokeo nitayaleta kwenye uzi huu huu yawe mazuri au mabaya.

Ndugu wa Chanika, sijakujibu na wewe ndiye mwenye hali ngumu kuliko wote. Darasa la mia na zaidi huwezi kulianzisha lote. Anza na darasa moja, la nne ndilo ningelichagua, wanaoweza kusoma tayari ni wengi na bado hawajaingia presha ya la saba. Kelele za zamu ya pili zinapungua nao wakipewa vitabu huko nje wanakosubiri, chini ya mwembe, kiranja mmoja wa la sita akisimamia. Ule muda wa kusubiri ni mrefu na hakuna anayeutumia. Siku ya mvua kwenye bati mwalimu hawezi kufundisha kwa sauti, kusoma kimya kunawezekana.

Kuhusu kufuli: kitabu kitachanika. Kikichanika kimesomwa. Weka selotepu pana na sindano ya kushonea, na wape watoto wawili wa kila mstari kazi ya "daktari wa vitabu". Kamati ya shule ina sauti hapo kuliko sisi walimu, kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa kuulizwa na ninyi vitabu vimekwenda wapi. Mwondoleeni hofu hiyo kwa maandishi: kikao kikubali kwamba vitabu vya hadithi vinatumika, na vitakavyochakaa vitafutwa kwenye leja bila mtu kulipishwa.

---

Kamati ya Shule Chanika

Mwalimu, hilo la kuandika kwenye muhtasari wa kikao halikuwa limenijia kabisa. Jana tumekaa. Mzee mmoja alipinga, akasema watoto waje kusoma siyo kusoma hadithi, nikamsomea ile sentensi yako ya mzee na mzigo na kumweleza mtoto anavyokwama. Akanyamaza, baadaye akasema mjukuu wake yuko hivyo hivyo. Limepita. Mwalimu mkuu mwenyewe alionekana kupumua.

Kabati linafunguliwa Jumatatu, darasa la nne, mkondo mmoja kwanza. Nimenunua selotepu. Swali la mwisho: kidaftari cha kuandika nani kaazima kitabu gani unakichora safu ngapi, na nyumbani unawaruhusu waende navyo?

---

Chaki Mkononi

Safu tatu: jina, kitabu, siku aliyochukua. Akirudisha unakata mstari, aandike mtoto mwenyewe. Nyumbani waruhusu Ijumaa tu kwa kuanzia, kwenye mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya mvua, na vingine havitarudi Jumatatu. Usimwite mzazi haraka. Mara nyingi kimebaki kwa sababu dada yake hajamaliza.